Kwa nini sikwangui uozo wote kwenye jino

Kuna jambo huwashtua wagonjwa wangu kuliko hata sindano ya ganzi: nikiwaambia kwamba jino nimeliziba, lakini chini ya kizibo nimeacha sehemu iliyooza. "Sasa daktari, si umefungia ugonjwa humo ndani?" Ndiyo, nimeufungia, na nimefanya makusudi.

Mshtuko huo naulewa. Madaktari wa meno wa rika langu tulifundishwa kukwangua mpaka kila upande wa tundu uwe mgumu na msafi, hata ikibidi kukifikia kiini cha jino, pale penye mishipa ya damu na ya fahamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Greene Vardiman Black alikwenda mbali zaidi. Alishauri tundu lipanuliwe hata kwenye sehemu nzima za jino ili uozo usipate pa kuanzia tena. Kwa wakati wake hilo lilikuwa na mantiki: vizibo vya mchanganyiko wa fedha na zebaki havikuwa na gundi, vilihitaji tundu lililochongwa ili vishike, na dawa ya meno yenye floraidi ilikuwa bado haijaingia majumbani.

Kilichobadilika ni namna tunavyouelewa uozo wenyewe. Jino halioz​i kwa sababu kuna kidonda ndani kinachojiendesha. Linaoza kwa sababu bakteria walio kwenye utando unaofunika jino kwa juu wanapata sukari, wanaigeuza kuwa asidi, na pH, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya takriban 5.5 enameli, ganda gumu la nje la jino, inaanza kupoteza kalsiamu na fosfati. Dentini iliyo chini yake ni dhaifu zaidi. Huanza kupoteza madini hata kabla asidi haijafikia ukali huo. Mate yakipata nafasi hurudisha madini hayo, na floraidi huharakisha urudishaji. Kwa hiyo injini ya ugonjwa iko juu, kwenye utando. Bakteria waliobaki chini ya kizibo kisichovuja hawapati sukari tena. Wengi hufa, wachache husinzia, na dentini iliyolainika hukauka na kuwa ngumu polepole.

Hili lilipimwa muda mrefu uliopita. Mwaka 1998 Eva Mertz-Fairhurst na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya miaka 10 ya meno yaliyozibwa juu ya uozo ulioachwa makusudi. Uozo ulikuwa umesimama. Bado ilichukua takriban miaka 20 zaidi kabla ya jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali kuandika, mwaka 2016, kwamba katika tundu refu kukwangua uozo wote ni kulitibu jino kupita kiasi. Taaluma yetu haina haraka.

Kwenye kiti mambo huenda hivi. Ukingo wa tundu nausafisha kabisa, mpaka enameli nzima na dentini ngumu, kwa sababu hapo ndipo kizibo kinaposhika. Ukingo ukibaki na uozo, kizibo kitavuja na hoja yote niliyoieleza inaporomoka. Nikishuka kuelekea kiini, naiweka mashine pembeni na kuchukua kijiko cha kukwangulia kwa mkono. Tabaka la juu la dentini iliyooza hutoka bila nguvu, limelowa, linaacha unyevu kwenye chuma. Chini yake kijiko kinakutana na kitu kama ngozi iliyolowa: kinanyanyuka, lakini kwa ubishi. Tundu lisipokuwa refu, naendelea mpaka dentini imara. Ila eksirei ikionyesha uozo umefika robo ya mwisho ya dentini, karibu kabisa na kiini, nasimama hapo kwenye ngozi, na mara nyingine naacha hata laini kidogo. Kipande kimoja zaidi kinaweza kukifichua kiini, na hapo safari ya jino hilo hubadilika kabisa.

Zamani kidogo njia ya kati ilikuwa kuziba kwa muda, kumwita mgonjwa baada ya miezi kadhaa, kufungua tena na kumalizia. Watafiti wa Brazili wakiongozwa na Marisa Maltz walilinganisha njia hiyo na ile ya kuziba mara moja. Baada ya miaka 5, viini vilivyobaki hai vilikuwa 80% kwa waliozibwa mara moja na 56% kwa walioitwa tena. Sababu kubwa ni ya kibinadamu: wengi hawakurudi kumaliziwa, na kizibo cha muda hakikutengenezwa kudumu.

Yote haya yanahusu jino ambalo kiini chake bado ni kizima. Jino linalouma lenyewe usiku, lililovimbisha ufizi au lililotoa kijipu cha usaha, halitulizwi kwa kuzibiwa juu. Hilo linahitaji matibabu ya mzizi au kung'olewa.

Kwa watoto tumekwenda mbali zaidi. Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland, tangu miaka ya 1980 alikuwa akifunika magego ya utotoni yaliyooza kwa kikofia cha chuma kilichojazwa saruji ya meno, bila ganzi, bila mashine, bila kukwangua chochote. Wenzake walipokuja kuyapima matokeo hayo kwa utafiti rasmi, baada ya miaka 5 meno yaliyopata jipu au maumivu makali yalikuwa 3% kwa vikofia na 16.5% kwa uzibaji wa kawaida. Mtoto hukaa wima, nachagua kikofia kinachobana kidogo, nakisukuma kwa kidole, kisha anang'ata kwa nguvu kukimalizia. Siku za mwanzo meno mengine hayakutani vizuri na wazazi hunipigia simu wakiwa na wasiwasi. Ndani ya wiki chache yanajipanga yenyewe.

Kuna pia dawa ya fedha na floraidi, silva diamini floraidi ya 38%, yenye floraidi takriban sehemu 44,800 kwa milioni. Japani imeitumia tangu 1970, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Nakausha jino kwa pamba, napaka mafuta ya kulainisha midomoni ili isitie doa, tone moja kwa kibrashi kidogo, dakika moja, basi. Fedha huua bakteria, floraidi huimarisha kilichobaki. Gharama yake ni rangi: uozo hugeuka mweusi tii na haufutiki. Mzazi lazima auone weusi huo kwenye picha kabla sijafungua chupa. Mwenye mzio wa fedha simpaki.

Wenzangu wanaoshabikia mbinu hizi hawapendi kutaja utafiti wa FiCTION wa Uingereza, uliochapishwa 2020. Watoto zaidi ya 1,100 wa miaka 3 hadi 7 waligawanywa kwenye makundi matatu: uzibaji wa kawaida, ufungiaji wa uozo, na kinga peke yake. Takriban 43% walipata maumivu au maambukizi ya meno, na makundi hayakutofautiana kwa maana. Mimi naona unasema kweli tupu. Uozo ukishaanza mapema na sukari ikaendelea, ustadi wa daktari hununua muda tu. Ndiyo maana bado nasumbua watu kuhusu dawa ya meno yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, mara mbili kwa siku, na kutema bila kusukutua maji.

Jambo moja la kiutendaji. Uozo ulioachwa huonekana kwenye eksirei kama kivuli chini ya kizibo, na unaweza kuonekana hivyo kwa miaka. Daktari asiyekujua atadhani kizibo kimeoza ndani na atatoboa. Mimi huandika kwenye faili tarehe, kina cha tundu na aina ya dentini niliyoiacha, na kumpa mgonjwa nakala ya picha. Ukihamia kwa daktari mwingine, mpe picha hiyo kabla hajawasha mashine, alinganishe kivuli cha leo na cha siku ile. Kikiwa hakijakua na jino haliumi, kizibo kiachwe.