Ontoloji haiko diksionere ya kulazimisha batu neno moja

Hapa Bukavu minasikiaka batu banasema ontoloji (liste ya vitu vya elimu fulani yenye kompyuta inasoma, kila kitu na namba yake na uhusiano wake na vingine) ni diksionere tu, eti inakuya kulazimisha kila mutafiti aandike neno moja. Hapana, si vile! Weye andika malaria, mwenzako aandike palu, kwa fishi ya utafiti mote munaweka namba moja, DOID:12365 ya Disease Ontology (ontoloji ya magonjwa), basi kompyuta inajua ni kitu kimoja. Tena ontoloji inaonyesha nani mutoto wa nani: malaria ya bongo ni aina ya malaria, njo maana ukitafuta tafiti za malaria, hata zile za malaria ya bongo zinakuya. Bila ile namba data inapotea, na inaniuma sana, juu kuna mama alitoa damu ya mutoto wake kwa utafiti wenye ulitoa ile data.