Kura ya kimkakati Uingereza: hesabu iko jimboni kwako

Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge, kwa sababu nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo swali hili linatuhusu: ukimpigia mgombea wa chama kidogo, umepoteza kura? Au upige kura ya kimkakati, yaani umchague asiye chaguo lako la kwanza ili kumzuia usiyemtaka?

Inategemea jimbo. Yako 650, na kila moja humtoa mshindi mmoja, yule mwenye kura nyingi, hata asipofika nusu. Duru ya pili haipo. Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha UKIP kilikusanya kura karibu milioni 3.9 kikaambulia mbunge mmoja, ilhali chama cha SNP, ambacho kura zake zote ziko Scotland, kilipata wabunge 56 kwa kura zisizofika milioni 1.5. Mwaka 2024 Reform UK ilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats asilimia 12.2 na viti 72. Wa kwanza walitawanyika nchi nzima. Wa pili walielekeza nguvu kwenye majimbo ambako wao ndio waliomfuata Conservative kwa karibu, na wafuasi wengi wa Labour wa huko wakawaunga mkono.

Basi anza na matokeo ya jimbo lako: nani wa kwanza, nani wa pili, pengo ni kura ngapi. Kisha tazama kura za wa tatu. Zikizidi pengo, mkakati una maana. Wa kwanza akiwa amevuka nusu, hata wapinzani wote wakiungana hawamwangushi mpaka baadhi ya watu wake wamhame. Hapo mimi naona bora umpigie unayemwamini. Angalia pia mipaka: majimbo yalichorwa upya kabla ya 2024, hivyo takwimu za 2019 chini ya jina lilelile zinaweza kuwa za eneo jingine.

Kosa kubwa hutokea watu wasipokubaliana nani ndiye mpinzani halisi. Kensington, London, 2019: Conservative 16,768, Labour 16,618, Liberal Democrats 9,312. Pengo ni kura 150. Watu 151 tu wa kundi la tatu wangehamia Labour, kiti kingebaki kwa Labour. Lakini wiki chache kabla, utafiti wa maoni ya wapiga kura ulikuwa umewaweka Liberal Democrats mbele ya Labour, na ushauri wa kimkakati ukagongana. Wapo walioufuata kwa nia njema wakamsaidia yule waliyetaka kumzuia. Inauma.

Wa tatu naye huweza kuruka, hasa kwenye uchaguzi mdogo. North Shropshire, Desemba 2021, Liberal Democrats walishinda ingawa miaka miwili nyuma walikuwa wa tatu kwa asilimia 10.

Vipeperushi vya vyama visome kwa makini. Utakuta mchoro wa nguzo na maneno kwamba chama fulani “hakiwezi kushinda hapa”. Tafuta maandishi madogo chini yake: namba hizo ni za ubunge au za udiwani? Ni za jimbo lako au za nchi nzima? Na je, urefu wa nguzo unalingana na namba zenyewe? Mara nyingi haulingani.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Nenda na kitambulisho chenye picha kinachokubaliwa. Bila hicho hupewi karatasi.