Waya wa njano ukikatika, usikimbilie seti mpya

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa, Mbeya, wapo wanaoamini kuwa waya wa njano ukikatika, deki haiwezi tena kutoa picha mpaka inunuliwe seti nyingine ya AV, yaani nyaya tatu za picha na sauti zinazounganisha deki na runinga. Si kweli. Rangi ni alama tu: njano picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Kwa umbali wa mita moja hivi, waya mweupe utapitisha picha bila shida, mradi uchomekwe kwenye tundu la njano pande zote mbili.

Linalosumbua watu kweli ni matundu. Runinga nyingi zina tundu la kijani, la bluu na jekundu, yote ya picha. Jekundu hilo halihusiki kabisa na sauti! Na ukichomeka waya wa njano kwenye kijani bila kuchagua AV kwa rimoti, mara nyingi picha hutoka haina rangi.

Sauti nayo hailazimiki kupitia kwenye runinga. Nyeupe na nyekundu zitoke kwenye deki ziingie moja kwa moja kwenye sabufa. Ukitaka na king'amuzi kisikike humohumo, hapo ndipo utoe sauti kwenye runinga uipeleke kwenye sabufa.