Marini bodi nayo inaoza

Juzi tena. Mteja kaingia karakana yangu hapa Dodoma, kagonga bodi ya MDF kwa kidole, kakunja uso. "Fundi, haya makaratasi sitaki. Kabati langu la jikoni liwe marini bodi. Ile maji hayaiwezi, mchwa hawaisogelei."

"Dada yangu, kaa kwanza."

Marini kwanza ni habari ya gundi. Ni plaiwudi: tabaka nyembamba za mti zimelazwa, nyuzi za moja zikikatizana na za mwenzake, zikashikwa na gundi ya fenoli ambayo hata ukiichemsha haiachii. Gundi haiachii, lakini mti wenyewe unakunywa maji kama mti mwingine wowote. Na ile ya kahawia inayong'aa mnayoiita marini, nyingi imetengenezwa kwa kumwagia zege. Ule mng'ao ni utando tu, nao unaishia pale msumeno ulipopita.

Ukingo, jamani, ukingo! Mwaka juzi niliitwa mtaa wa Kisasa, hapahapa Dodoma, kufungua kabati la marini ya kweli. Bomba la sinki lilikuwa linavuja tone kwa tone. Kwa juu bodi safi, inang'aa. Nikapitisha kidole chini, kwenye ukingo uliogusa sakafu: ukucha ukazama kama kwenye mkate uliolowa. Gundi ilikuwa bado imeshika, ila mti kati ya gundi na gundi umeoza, mweusi. Fundi aliyeuacha ukingo ule bila kuupaka chochote ni mimi.

Mchwa wanakula mti, na ndani ya marini kuna mti. Paka dawa, inua kabati kwa miguu ya plastiki, maliza.

MDF nayo si karatasi. Ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi na joto, haina fundo wala mkondo, ndiyo maana mlango wa kupaka rangi nautengenezea hiyo. Ubavuni toboa kabla ya skrubu, la sivyo inapasuka. Tena ni nzito: bodi ya futi nane kwa nne, milimita 18, ni kilo 40 hivi, kwa hiyo mlango mrefu usiufunge kwa bawaba mbili. Yenye kiini cha kijani inastahimili unyevu zaidi, lakini kazi hiyo inafanywa na gundi. Kijani ni rangi, na rangi yeyote anaweza kuitia.

Chipubodi, ile ya chembe za mti zilizoshikwa kwa gundi? Kabati la nguo, sawa. Rafu ya vitabu ikizidi sentimita 80 bila kishikizo, itabonyea.

Sasa siri ambayo wateja siwaambii. Bodi ikiwa dukani, siwezi kuapa kwa macho kuwa gundi yake ni fenoli. Mstari mweusi kati ya tabaka ni dalili nzuri, lakini nimeshadanganywa nao. Kwa hiyo nakata kipande kama kiberiti, nakichemsha kutwa nzima. Mke wangu ana maneno yake kuhusu sufuria hiyo. Kikifunguka, bodi inakwenda kuwa mgongo wa kabati la chumbani. Kisipofunguka, nimejua habari za bodi hiyo moja tu. Ya pili kwenye rundo lilelile ni bahati nasibu.

Tukakubaliana: chini ya sinki plaiwudi, kingo zote zipakwe, milango MDF. Dada kalipa kianzio, kafika mlangoni, kageuka.

"Lakini fundi, hiyo plaiwudi ni marini, eti?"