Frank Searle na Saa Alizozitumia Loch Ness

Wanaoandika habari za Loch Ness, ziwa la Uskoti linalosemekana kuwa na dubwana, humtaja Frank Searle kwa haraka na kwa dharau, kama mtu aliyeghushi picha za dubwana kisha akatoweka. Sina nia ya kumtetea, kwa maana picha zake hazitetewi. Hata hivyo nilikutana naye nikiwa kijana, na kwa kuwa kazi yangu ya maisha imekuwa kuchunguza maji ya maziwa na samaki wake, naona hasara aliyoiacha ni kubwa kuliko inavyosemwa: mtu huyu aliyatazama maji yale kwa miaka takriban kumi na mitano, na hakutuachia kumbukumbu ambayo mtaalamu anaweza kuitegemea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, nikisomea magonjwa na ufugaji wa samaki. Searle alikuwa amestaafu jeshini zamani, akaacha kazi yake London, na mwaka 1969 akaja kupiga hema Dores, upande wa kaskazini-mashariki wa ziwa. Baadaye alihamia Lower Foyers, mahali ambapo ukingo unashuka ghafla majini, akaweka banda dogo la maonyesho kwa ajili ya watalii. Huko ndiko tulikomkuta, mimi na wenzangu wawili, mchana mmoja wa kiangazi usio na upepo.

Alikuwa nadhifu, mwenye mwendo wa kiaskari, na aliwapokea wageni vizuri. Kuta za banda zilijaa picha, naye alizieleza moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi mno. Mimi nilivutiwa zaidi na jinsi alivyoujua uso wa ziwa. Alitambua kutoka mbali upepo ulikokuwa ukianza kuyakwaruza maji, na mahali mkondo wa mto Foyers ulipokuwa ukisukuma maji nje. Nilimuuliza kuhusu joto la maji na mwelekeo wa upepo siku za picha zake, lakini mazungumzo yakageukia wanasayansi, ambao hakuwa na jema la kuwasemea. Hasira hiyo haikuwa siri. Aliichapisha pia katika majarida yake madogo na kuwauzia wageni.

Picha za kwanza alizitoa mwaka 1972, na magazeti yakazipokea kwa furaha. Wakati huo huo shirika la kujitolea lililokuwa likilinda ziwa kwa kamera tangu mwaka 1962, Loch Ness Investigation Bureau, lilikuwa linafunga shughuli zake, kwa hiyo mwandishi wa habari aliyefika kutafuta mtu wa kuzungumza naye alimkuta Searle. Kadiri picha zilivyoongezeka ndivyo zilivyozidi kutia shaka. Baadhi zilifanana mno na magogo yanayoelea, na katika moja ya mwaka 1976 wachunguzi walimtambua dinosaria aliyechukuliwa kutoka kwenye mchoro wa kadi ya posta. Mtu aliyejua kweli rangi ya maji yale wakati wa jioni asingepaswa kuhitaji kadi ya posta.

Ughushi pale haukuanza naye. Mnamo Desemba 1933 gazeti la Daily Mail lilimtuma mwindaji Marmaduke Wetherell, naye akapata nyayo ufukweni. Mapema mwaka 1934 Makumbusho ya Historia Asilia ya London yakabainisha kuwa ni za kiboko, zilizopigwa kwa mguu uliokaushwa. Sisi tuliokua karibu na Ziwa Viktoria tungezitambua kabla hata ya kuchukua vipimo. Wetherell aliaibika, na ile picha maarufu ya shingo ndefu iliyotokea Aprili 1934 ilikuwa sehemu ya kisasi chake: mtoto wake wa kambo alikuja kukiri kwamba alitengeneza kichwa na shingo juu ya nyambizi ya kuchezea, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 1994.

Kinachonisumbua ni kwamba ziwa lenyewe huzalisha madubwana ya kutosha bila msaada wa mtu, na Searle alikaa mahali pazuri kabisa pa kuyaandika. Loch Ness ina urefu wa kilomita 37 hivi, upana wa kilomita moja na nusu tu kwa sehemu kubwa, na kina kinachofikia takriban mita 230. Kingo zake ni kama kuta. Boti inayopita katikati huacha mawimbi yanayogonga kingo hizo, yakarudi na kukutana dakika kadhaa baada ya boti kutoweka machoni, na mtazamaji akaona safu ya nundu nyeusi zikisogea katika maji matulivu. Hewa yenye joto juu ya maji baridi nayo hupindisha mwanga, bata akaonekana ana shingo ya twiga. Maji ni meusi kwa sababu ya udongo wa mboji unaoletwa na mito, hivyo chochote kilicho mita chache chini ya uso hakionekani.

Lipo pia jambo ambalo wageni wa banda lile hawakulisikia, nalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Wakati wa kiangazi maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji mazito ya baridi, na mpaka kati yao huwa katika kina cha mita 30 hivi. Upepo ukivuma muda mrefu kutoka kusini-magharibi, maji ya joto hulundikana upande mmoja na mpaka ule huinama. Upepo ukitulia, mpaka huanza kupanda na kushuka kama mizani kwa siku kadhaa, ingawa uso wa ziwa hauonyeshi chochote. Mbembeo huu wa ndani ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na vipimo vya joto vilivyochukuliwa Loch Ness yenyewe, katika uchunguzi wa maziwa ya Uskoti wa miaka ya mwanzo ya 1900. Tunao pia Ziwa Tanganyika, mkubwa na wa polepole zaidi, na huko unachangia kuinua virutubisho vinavyolisha dagaa. Katika Loch Ness mikondo yake inaweza kulisukuma gogo lililozama nusu likaenda kinyume cha upepo. Mtu aliye ufukweni ataapa kwamba kitu hicho kinaogelea, na hatakuwa mwongo.

Kuhusu chakula sihitaji kurefusha. Loch Ness ni ziwa maskini. Makadirio ya miaka ya 1990 yaliweka samaki wote wa maji ya wazi katika kiasi cha tani 20. Kanuni ya kawaida ya ikolojia huruhusu walaji wenye uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya mawindo yao, yaani tani mbili kwa ukoo mzima wa dubwana, wazazi na watoto pamoja, katika bonde ambalo miaka kama elfu kumi na zaidi iliyopita lilikuwa limejaa barafu.

Mwisho wa Searle pale haukuwa mzuri. Mwaka 1983 bomu la petroli lilirushwa kwenye kambi ya watafiti waliokuwa wakiongozwa na Adrian Shine. Polisi walichunguza, yeye akashukiwa, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Muda si mrefu akaondoka, na wengi hawakujua alikokwenda hadi iliposikika kuwa amefariki Fleetwood, Lancashire, mwaka 2005. Laiti angeandika kila siku, kwa uaminifu, kwamba ametazama tangu alfajiri na hakuona kitu, akataja upepo na hali ya maji, leo daftari hilo lingekuwa ushahidi mzito kuliko picha yoyote iliyowahi kupigwa pale. Saa zile zilikuwa za kweli. Alizibadilisha kwa karatasi za kukata kwa mkasi.

Tangu mwaka 1991 ufuko wa Dores umekuwa na mtazamaji mwingine, Steve Feltham, anayeishi humo humo na ambaye hajadai kuwa na picha ya dubwana. Mwaka 2015 alisema anaelekea kuamini kuwa watu walimwona kambare mkubwa wa Ulaya aliyepandikizwa zamani. Kambare huyo huhitaji maji ya nyuzi takriban 20 ili azaane, na Loch Ness ni baridi mno kwa hilo, ingawa mmoja mmoja angeweza kuishi miaka mingi. Mwaka 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago alikusanya sampuli za maji zipatazo 250 ili kutafuta vinasaba vya viumbe wote wa ziwa. Matokeo ya mwaka uliofuata hayakuwa na mtambaazi mkubwa wala kambare, lakini vinasaba vya mikunga vilipatikana karibu kila mahali.