Picha Yenyewe Ndiyo Hiyo, Mama

Wiki hii imetokea tena. Mama mmoja alifungua fremu juu ya meza yangu ya kazi, akanitolea chapa ya mbao, yaani picha iliyochapwa kutoka ubao uliochongwa, ya msanii Fritz Eichenberg, iliyokaa ukutani kwa baba yake miaka na miaka, kisha akauliza: "Hii ni kopi tu, sivyo? Picha yenyewe iko wapi?"

Picha yenyewe ndiyo hiyo, mama. Hakuna nyingine iliyofichwa makumbusho.

Swali hili naulizwa karibu kila mtu anaponiletea chapa, na huniumiza, kwa sababu nimeona watu wakitupa kazi halisi wakidhani ni bango. Chapa ya mbao haitokani na picha iliyokwisha kukamilika ikapigwa kopi. Msanii huweza kuanza na rasimu ya penseli, lakini kazi hufanyika kwenye ubao: kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa kukingama na nyuzi, upande ule unaoonyesha duara za umri wa mti, kikasuguliwa mpaka kikawa laini kama kioo. Kwa kuwa nyuzi hazilali, burini, kile chuma chembamba cha kuchongea, hupita upande wowote bila kuchana mbao. Kila mfereji unaochongwa hubaki mweupe kwenye karatasi, maana rola ya wino hupita juu yake na haifiki ndani. Ubao una picha iliyogeuzwa, kushoto kulia. Haukutengenezwa utundikwe, ulitengenezwa uchape. Akichapa karatasi 50, zote 50 ni kazi yake halisi.

Ile ya mama huyu ndiyo inayojulikana kuliko zote, Christ of the Breadlines, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Maskini wamepanga foleni ya chakula, wamejikunyata ndani ya makoti yao, na katikati yao amesimama Kristo, akisubiri zamu kama mwenzao yeyote. Nilimpa mama lenzi, nikamwambia aanzie kwenye weusi. Sehemu kubwa ya umbo lile jeusi ni mbao ambayo chuma hakikuigusa. Mkono wa Eichenberg ulifanya kazi kwenye mwanga: mistari myembamba inayotawanyika nyuma ya kichwa cha Kristo, kila mmoja ukianza kama sindano, ukanenepa, ukaishia kwa ncha. Ule unene unaobadilika ni uzito wa kiganja chake kikisukuma burini. Mama alikaa kimya na lenzi yake dakika kadhaa.

Kisha likaja la pili: "Huyu alikuwa Mkatoliki sana." Hapana. Eichenberg alizaliwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1901, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea uchoraji wa vitabu Leipzig, akafanya kazi magazetini Berlin, akamchora Hitler katuni za kumdhihaki wakati bado kulikuwa na magazeti ya kuzichapisha. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka akaondoka, akafanya makao New York. Alipofiwa na mkewe alivunjika moyo vibaya, na mwaka 1940 akajiunga na Wakwekari, madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita. Dorothy Day, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Catholic Worker, alikutana naye 1949 na kumwomba picha, akiwafikiria hasa wale wasioweza kusoma makala. Ndipo Myahudi mhamiaji, Mkwekari kwa imani, akalichorea gazeti la Wakatoliki Kristo anayepanga foleni. Wanaosema Myahudi hawezi kuchonga picha kama hii, kwa hiyo chapa ni ya kughushi, nawaomba waache. Mtu aliyefukuzwa kwao alijua vizuri foleni ni nini.

Hapa lazima nitenganishe jambo. Ukiwa na picha hiyo imekatwa kutoka gazetini, hiyo kweli ni nakala. Gazeti liliuzwa senti moja, na msanii aliridhia kabisa, kwani alitaka ifike mikononi mwa watu wengi. Itunze kwa upendo, ila usiiuze kama chapa ya ubao.

Ndivyo ilivyo pia kwa kurasa za riwaya za Jane Eyre na Wuthering Heights, matoleo ya Random House ya 1943 aliyoyachorea. Yalichapishwa kwa wingi sana, na watu huzing'oa kurasa, wakazitia fremu, wakaziuza "chapa halisi ya 1943". Huo ni ukurasa wa kitabu. Na tafadhali, msinijie na hoja ya "nimeangalia kwa lenzi, haina nukta", zile nukta ndogo za picha zinazochapwa kwa mashine. Mchoro wa mistari unaweza kunakiliwa bila nukta hata moja. Angalia ukingo uliokuwa umeshonwa, angalia karatasi yenyewe, geuza nyuma uone kama kuna maandishi.

Wapo wanaodai sahihi ya penseli inapunguza thamani kwa sababu penseli inafutika. Ni kinyume chake. Penseli chini ya picha ndiyo desturi ya wachapaji, nami huitafuta kabla ya kitu kingine.

Na umanjano si heshima ya uzee. Ni asidi, mara nyingi kutoka kwenye kadibodi ya bei rahisi iliyo nyuma ya picha. Nunueni kadibodi isiyo na asidi, na msitundike chapa inapopigwa na jua. Laminesheni ni kuiua. Seloteip nayo, nimesema mpaka sauti imekauka: gundi yake huzama kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia.

Ya mama huyu ilikuwa na seloteip pembe zote nne, na fundi fremu wa zamani alikuwa ameikunja pambizo ya chini nyuma ili picha itoshee. Pembe tatu nimezibandua salama. Ya nne bado naipa muda. Nilipoikunjua ile pambizo, sahihi ilikuwa pale, kwa penseli.