Dawa mseto ya malaria kwa mtoto: maswali ya wazazi wa Lindi na Mtwara

Vidonge vya kuyeyuka vinashinda vya kuponda?
Kwa kuponya, hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wa watoto 899 katika nchi 5, Tanzania ikiwemo, uliwafuatilia siku 28: walipona asilimia 97.8 kwa vya kuyeyuka na 98.5 kwa vilivyopondwa. Nafuu ipo katika kunywesha. Cha kupondwa ni kichungu, mtoto hutema, na unga mwingine hubaki kwenye kijiko.

Kinayeyushwaje?
Tia kidonge kwenye kikombe, mimina maji safi mililita 10 (pima kwa kijiko cha dawa), koroga, mnyweshe. Kisha suuza kikombe kwa maji kiasi kilekile, nayo ayanywe. Wengi huyamwaga hayo ya kusuuzia, kumbe dawa imo.

Vingapi?
Huamuliwa na uzito wa leo, si wa kadi ya kliniki ya miezi mitatu nyuma. Kilo 5 hadi chini ya 15, kimoja kila dozi. 15 hadi chini ya 25, viwili. Chini ya kilo 5 usikisie, mpeleke zahanati.

Ameanza jioni. Ya pili nisubiri kukuche?
Usisubiri, hapa ndipo dozi nyingi huharibika. Ya pili ni baada ya masaa 8. Aliyeanza saa 2 asubuhi hunywa tena saa 10 jioni, halafu kesho na keshokutwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Aliyeanza saa 12 jioni, mwamshe saa 8 usiku. Ya tatu ni saa 12 jioni ya kesho yake, kisha kila masaa 12 mpaka zitimie dozi 6.

Ale nini?
Chenye mafuta, maana bila mafuta lumefantrini, moja ya dawa zilizo ndani ya mseto huu, haifyonzwi vizuri. Anayenyonya, anyonye. Mkubwa kidogo apewe uji wa tui la nazi au wa korosho zilizosagwa. Chai ya rangi haisaidii kitu.

Akitapika?
Ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima, kisha ukachukue zahanati vidonge vya kufidia, la sivyo za mwisho zitapungua. Akitapika tena, zahanati.

Homa imeshuka siku ya pili, vilivyobaki nimwekee mdogo wake?
Hapana. Homa hutangulia kuondoka, vimelea bado vimo. Na huyo mdogo apimwe kwanza, huenda homa yake si malaria.

Degedege, kulegea, kushindwa kunyonya au kutapika kila kitu: acha vidonge, mkimbize kituoni. Huyo anahitaji sindano.